Kusoma majibu ya hospitali ya Marekani ukiwa Kigoma

Kazi yangu ni maabara, hapa Kigoma mjini, na siku hizi vipimo vingi ninavyoulizwa nikiwa nje ya kazi si vya huku. Mtu ananisimamisha sokoni Mwanga, simu mkononi: "Dada, hebu niangalizie. Mama katumiwa majibu, kuna herufi H nyekundu, kule wote wamelia." Mama mwenyewe yuko Ohio au Kentucky. Mkoa huu una kambi ya Nyarugusu tangu 1996, na familia nyingi zilizopita pale zimehamishiwa Marekani. Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Aliolewa ng'ambo ya ziwa, vita ikamrudisha huku, kisha akapelekwa Ohio na wanawe. Ana sukari na presha. Watoto wanafanya kazi za zamu ghalani, kwa hiyo kufuatilia majibu yake kumeniangukia mimi.

Hospitali za kule humpa kila mgonjwa akaunti ya mtandaoni. Humo kuna majibu ya vipimo, orodha ya dawa, tarehe za kliniki, madeni, na mahali pa kumwandikia daktari. Nyingi hutumia mfumo uitwao MyChart, unaotengenezwa na kampuni ya Epic ya Wisconsin, nyingine zina mifumo yao. Programu ni ya bure. Akaunti lakini ni ya hospitali, si ya serikali, hivyo mgonjwa anayetibiwa hospitali mbili anaweza kuwa na akaunti mbili.

Kujiunga hukwama kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Lazima viandikwe kama vilivyo kwenye kumbukumbu za hospitali, hata kama vilikosewa. Wengi waliopita kambini waliandikiwa 1 Januari kwa kuwa hakuna aliyeijua siku kamili. Basi andika 1 Januari. Majina matatu nayo hugeuzwa huko njiani, la babu likawa la kwanza. Chukua kadi ya bima ya mgonjwa, uyafuate yalivyopangwa hapo. Mfumo ukikataa, usibahatishe tena na tena. Mgonjwa aombe msimbo wa kujiunga dirishani, siku ya kliniki.

Sasa wewe uliye Kigoma unaingiaje? Wengi hutumiwa neno la siri kwa WhatsApp na mambo yanaishia hapo. Mimi sikubali. Ukiingia kwa neno la siri la mama, ujumbe unaomwandikia daktari unasomeka kwamba mama ndiye kauandika, na siku ukipiga simu kuuliza, sheria ya siri za wagonjwa ya 1996 inawafunga midomo, hawakujui. Njia ya halali ni mgonjwa kujaza fomu ya kukufanya mwakilishi wake. Inapatikana kwenye akaunti yenyewe au mapokezi. Ukikubaliwa, unafungua akaunti yako kwa jina lako, na ya mama inaonekana ndani yake. Mama anaweza kukufutia ruhusa hiyo siku yoyote, na ni vizuri ajue hivyo. Tumia barua pepe kupokea namba za uthibitisho, maana si kila mfumo utakubali namba ya simu ya Tanzania. Kuna hospitali zinazozuia kabisa kuingia kutoka nje ya nchi. Hapo hakuna ujanja, mtoto aliye kule apakue faili akutumie.

Tukija kwenye majibu yenyewe, ambako ndiko vilio vinakoanzia.

Kwanza, tangu Aprili 2021 kanuni za kule zinataka majibu yamfikie mgonjwa bila kucheleweshwa. Maana yake ni kwamba simu ya mama italia kabla daktari hajayatazama. Kama kinachosubiriwa ni kipimo kizito, kinyama kilichokatwa kwenye titi kwa mfano, pangeni mapema nani atafungua na nani atakuwa amekaa naye.

Pili, H ni juu ya kiwango, L ni chini. Lakini kiwango chenyewe kimewekwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya yao waangukie ndani. Hao watano waliobaki si wagonjwa. Kule hupenda kupima vitu 14 kwa mpigo mmoja: sukari, chumvi, figo, ini. Ukipima vingi hivyo, mtu mzima wa afya kupata herufi moja si ajabu. Mimi sitazami herufi, natazama imezidi kwa kiasi gani, na mara iliyopita ilikuwa ngapi. Akaunti ina mchoro unaoonyesha kipimo kilekile tangu mwanzo. Bonyeza hapo kabla ya kumpigia mtu simu usiku.

Shuka pia chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo. Potasiamu, moja ya chumvi za damu, ikiwa juu halafu chini pameandikwa kwamba chembe za damu zilipasuka, ile namba si ya mama, ni ya sindano: chembe zikipasuka wakati wa kutoa damu humwaga potasiamu yao ndani ya chupa. Watamwita apimwe upya. Aende.

Tatu, vipimio vyao si vyetu. Mashine yako ya sukari hapa inasoma 10, ya kule inasoma 180, na sukari ni ileile. Gawanya namba yao kwa 18. Kreatinini, kipimo cha figo, ni kinyume, yao unazidisha kwa 88.4, hivyo 1.1 ya Ohio ni kama 97 yetu. Uzito wanaandika kwa paundi, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Presha haibadiliki, 150 kwa 90 ni hiyohiyo Ohio na Ujiji.

Ile sukari ya miezi mitatu, inayoandikwa kwa asilimia, hupimwa kwenye chembe nyekundu, ambazo huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo mwenye selimundu, au aliyebeba tu vinasaba vyake, au aliyepungukiwa damu, namba hiyo inaweza kumdanganya. Ukanda huu wetu wa maziwa una watu wengi wa namna hiyo, na daktari wa Ohio huenda hakuwaza. Muulize.

Orodha ya dawa nayo ikague mstari kwa mstari. Majina hubadilika baharini: glibenclamide, dawa ya sukari ya hapa, kule ni glyburide, paracetamol ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol. Nimeona mtu mwenye vyote viwili mezani, boksi lililotoka Kigoma na chupa ya duka la kule, akimeza kama dawa mbili tofauti. Glibenclamide mara mbili humshusha mzee sukari mpaka azimie. Kama kuna dawa anayotumiwa kutoka nyumbani, za miti shamba zikiwamo, daktari aandikiwe ili iingie kwenye orodha.

Kumwandikia daktari kuna namna yake. Salamu ndefu zetu za kuulizana watoto na mifugo ziwekwe kando, atakayesoma kwanza ni muuguzi mwenye foleni ya ujumbe. Jambo moja, tarehe, swali. Huu ndio nilioandika kwa niaba ya mama mdogo, kuhusu dawa yake ya sukari, kabla haujageuzwa Kiingereza:

"Alianza metformin tarehe 12 Machi. Tangu tarehe 15 anaharisha mara nne kwa siku, baada ya kula. Anakunywa maji, hatapiki, hana homa. Je, aendelee, apunguze, au abadilishiwe?"

Mwezi uandike kwa jina. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 3/4 kwao ni tarehe 4 Machi, na kliniki zinakosekana kwa sababu hiyo tu. Jibu husubiriwa siku moja au mbili za kazi. Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande au kushindwa kupumua havisubiri ujumbe, aliye karibu apige 911, namba ya dharura ya kule. Hospitali nyingine hutoza ada kwa swali linalomchukua daktari muda, na huonya kabla hujatuma, soma onyo hilo.

Kiingereza kisiwe kisingizio cha kunyamaza. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kule zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, Kiswahili kikiwamo. Lugha ya mama iandikwe kwenye taarifa zake, ili mkalimani awe tayari siku ya kliniki. Mtoto wa darasa la sita asigeuzwe mkalimani wa tumbo la bibi yake.

Kuhusu saa: saa mbili usiku hapa, Ohio ni saa saba mchana. Kuanzia Novemba hadi Machi wao hurudisha saa nyuma, inakuwa saa sita. Muda huo ofisi zao ziko wazi, na kama umeme haujakatika, ndio wangu wa kufungua akaunti.

Madeni yakionekana humo, msilipe kwa hofu. Ombeni kwanza mchanganuo, kisha fomu ya msaada wa malipo. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu huo.

Na familia ikitaka kuhamia jimbo jingine, pakueni kumbukumbu zote kabla ya kuondoka: majibu, chanjo, dawa, maelezo ya daktari. Pakueni faili kamili la PDF, si picha za skrini. Picha zikipita WhatsApp mara mbili tatu, siwezi tena kutofautisha 3 na 8.