Kabla ya Kuzuru Medani za Vita na Makaburi ya Wanajeshi

Kabla hujakata tiketi, tafuta jina. Moja tu linatosha, la ndugu wa babu au la askari usiyemjua kabisa. Anayeingia makaburi ya Tyne Cot, Ubelgiji, ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, bila jina huona mawe meupe karibu 12,000 yanayofanana, akapiga picha tatu nne, akaondoka. Mwenye jina huingia akimtafuta mtu, na njiani husoma majina ya jirani zake, umri wao na tarehe walizokufa.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, huwakumbuka wafu wapatao milioni 1.7, na orodha yao ipo kwenye intaneti bila malipo. Ukikuta kaburi limeandikwa IV. C. 12, tarakimu ya Kirumi ni kitalu, herufi ni safu, namba ya mwisho ni kaburi lenyewe. Nakili kwenye karatasi, kwa sababu makaburi mengi yapo katikati ya mashamba na simu inaweza kukuangusha. Ukifika, angalia ukutani karibu na lango: mara nyingi pana kijikabati chenye mlango wa chuma, na ndani yake rejista ya waliozikwa hapo pamoja na kitabu cha wageni. Ukimaliza, funga vizuri, mvua isije ikalowesha kurasa.

Hakikisha pia kama unayemtafuta ana kaburi au ana jina ukutani tu. Mizinga iliwasambaratisha wengi, na hapo Tyne Cot penyewe zaidi ya mawe 8,000 hayana jina. Ambao miili yao haikutambuliwa wamechongwa kwenye minara ya kumbukumbu: zaidi ya 72,000 pale Thiepval, Ufaransa, na zaidi ya 54,000 kwenye lango la Menin mjini Ypres. Menin nenda jioni. Kila siku saa 2 usiku hupigwa tarumbeta ya kuwaaga wafu. Wahi mapema, na ikiisha usipige makofi, maana hiyo si burudani.

Sasa mikono yako, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Vita vya Verdun, Ufaransa, vilidumu tangu Februari hadi Desemba 1916, na msitu uliopandwa juu yake bado una makombora ardhini. Wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa na wa Ubelgiji huyafukua kwa majembe ya trekta hadi leo, wakayaweka kando ya shamba yakisubiri wataalamu. Kombora lililoshika kutu, lenye tope, ukiliona utadhani kipande cha bomba la maji. Mengine yana gesi ya sumu. Usiguse, usisukume kwa mguu, wala usiokote hata risasi ya kupeleka nyumbani. Ukiliona, rudi ulikotokea na utoe taarifa. Pale Vimy, medani nyingine ya Ufaransa, kuna sehemu zilizozungushiwa uzio ambako majani hulishwa kondoo, kwa kuwa kupitisha mashine ni hatari. Uzio wa namna hiyo usiuruke, hata kwa ajili ya picha nzuri kiasi gani.

Viatu viwe vya kushika ardhi. Udongo wa chaki wa Somme, eneo la Ufaransa lenye Thiepval, ukilowa huteleza vibaya. Siku za maadhimisho, kama Juni 6 Normandy, Ufaransa (ya Vita Kuu ya Pili) au Aprili 25 Gallipoli, Uturuki, watu hufurika, kwa hiyo weka nafasi ya kulala mapema sana.

Ninakuomba uende na upande wa pili pia. Langemark, makaburi ya Wajerumani, si mbali na Tyne Cot, na kuna wafu zaidi ya 44,000, wengi wao katika kaburi moja la pamoja. Mawe yake ni meusi, yamelala chini, nawe huna budi kuinama ili usome.

Kama unasafiri na watoto, zungumza nao kabla ya Douaumont, jengo la kuhifadhia mifupa karibu na Verdun. Jengo hilo limehifadhi mifupa ya askari wapatao 130,000, Wafaransa na Wajerumani waliochanganyika, na nje kuna madirisha madogo ya chini, usawa wa macho ya mtoto, yanayoonyesha mafuvu yenyewe. Amua mapema kama watachungulia, na anayekataa asilazimishwe.