Somo: Namna ya Kuandika Historia ya Parishi, kwa Mfano wa Frere Town

Historia nyingi za parishi huwa orodha ya maaskofu na makasisi, kana kwamba waumini walikuwa watazamaji tu. Somo hili linaanza na waumini, na mfano wake ni Kanisa la Emmanuel, Frere Town, upande wa bara wa Mombasa.

Hatua ya 1. Chunguza kiwanja cha kanisa kilipatikanaje, na kwa ajili ya nani. William Salter Price wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamishonari wa Kianglikana wa Uingereza) alifika Mombasa mwaka 1874, na mwaka uliofuata akaanzisha makazi ya watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa. Makazi hayo yalipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash aipige marufuku biashara ya watumwa. Kengele iliyogongwa kuwatahadharisha wakazi wavamizi walipokaribia ndiyo iliyoupa mtaa jina la Kengeleni.

Hatua ya 2. Omba ruhusa ya kasisi usome rejista za ubatizo, ndoa na maziko, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Rejista ya ubatizo ya Kianglikana kwa kawaida ina safu za tarehe, jina, wazazi, makazi, kazi na aliyebatiza. Ukikuta safu ya wazazi i tupu, usiiruke, kwa maana aliyetekwa akiwa mtoto huko kwa Wayao au Wamakua huenda alifika pwani bila mtu wa kumtajia wazazi wake. Nakili kila neno lilivyoandikwa, pamoja na makosa ya tahajia, na maoni yako yaweke kando.

Hatua ya 3. Watafute wahudumu Waafrika. William Jones na Ishmael Semler, waliosomeshwa Nasik, India, baada ya kukombolewa utumwani, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Hannington aliuawa Busoga (katika Uganda ya leo) akiwa safarini, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi wa msafara huo waliobaki nyuma; ajabu ni kwamba katika masimulizi mengi anatajwa kwa kupita tu.

Hatua ya 4. Wahoji wazee, kila mmoja peke yake, kisha linganisha maneno yao na rejista na mawe ya makaburi.

Maswali ya washiriki

Swali: Mwalimu, kwa nini kumbukumbu za zamani hazitaji Dayosisi ya Mombasa?
Jibu: Kwa sababu ilianzishwa mwaka 1898. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa chini ya Dayosisi ya Afrika Mashariki ya Ikweta, iliyofika hadi Uganda.

Swali: Rejista zetu zimeliwa na mchwa. Tufanyeje?
Jibu: Barua na taarifa za wamishonari wa CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Hazitajaza kila pengo, kwa kuwa zinasimulia kwa macho ya mmishonari, lakini zina tarehe na majina.

Swali: Kuna familia zisizotaka asili yao ya utumwani itajwe. Je, tuandike?
Jibu: Eleza habari za makazi kwa jumla, ambazo zinajulikana wazi, lakini usiuhusishe ukoo wowote na utumwa kabla wenyewe hawajasoma ukurasa huo na kuridhia.