Jinsi ya kumlinda mtoto asiharibiwe kingono: anza na wakubwa kabla ya mtoto

Wazazi wengi tukitaka kulinda watoto tunawaambia ukiguswa piga kelele, kimbia. Ni sawa waambie, ila hiyo ndo kinga ya mwisho kabisa. Mtafiti wa Marekani David Finkelhor aliandika 1984 kwamba kuna vitu vinne vinapita kabla mtoto hajaharibiwa: mtu anakua na hamu, anaizima dhamiri yake, anapita vizuizi vya nje yaani watu na mazingira, ndo mwisho anamshinda mtoto. Sisi wakubwa ndo hicho kizuizi cha tatu, na ndo pakukazania.

Na msiseme kwetu hayapo, utafiti wa Tanzania wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18.

Chukua karatasi andika siku nzima ya mtoto, shule anaenda na nani, bodaboda gani, tuisheni wapi, madrasa ikiisha anabaki na nani, nani anamuogesha, analala na nani. Kila sehemu anapobaki na mtu mmoja pasipoonekana piga duara halafu upabadilishe. Tuisheni ifanyike barazani au mlango ukiwa wazi na watoto wawe wawili watatu, mgeni asilale na watoto hata akiwa mjomba, kama ni chumba kimoja mgeni alale upande wa baba na watoto wawe upande wa mama, choo cha nje usiku msindikize mwenyewe.

Usihangaike kusoma sura ya mtu, angalia anachofanya. Zawadi za siri, "usimwambie mama", kila saa anatafuta sababu ya kubaki nae peke yake, hapo kata mazoea mapema bila kuona aibu. Aliyeharibiwa utotoni msimnyooshee kidole, wengi wao hawaji kumfanyia mtu yeyote. Na ongea na vijana wakubwa wa nyumbani pia maana wanaofanya haya wengine ni watoto wenzao, waeleze mipaka kabla video za simu hazijawafundisha.

Kitu kinachoniuma sana ni kumaliza kifamilia. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa Hanson na Bussière, 1998, ulionyesha wanaorudia wanajulikana zaidi kwa hamu yao kwa watoto na historia ya kuvunja sheria, kukana au kuonyesha huruma hakukusaidia kujua nani atarudia. Kwahiyo mtu akilia mbele ya wazee na kulipa faini bado asiachiwe mtoto, hata dakika tano.

Ikishatokea, usimuogeshe mtoto wala usifue nguo zake, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, wahi hospitali ndani ya masaa 72 maana dawa za kuzuia HIV zikichelewa hapo hazisaidii, halafu nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.