Somo: Mazda RX-8 imeishiwa betri na taa zote za dashibodi zimewaka. Anzia wapi?

Wakuu, niliahidi somo hili tangu mwezi uliopita. Limetokana na gari yangu mwenyewe.

Niliiacha RX-8 nyumbani Dar wiki tano, nikaenda mkoani msibani. Niliporudi nikawasha, ikalia ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani, sindano za dashibodi zikacheza, kisha kimya. Jirani akanibusti (akaniazima umeme wa betri yake kwa nyaya), injini ikashika. Lakini taa za ABS (breki zisizofunga tairi), DSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze), usukani na cheki injini zikabaki zimewaka, usukani ukawa mzito kama wa lori la zamani, na kioo cha dereva kikagoma kupanda chenyewe. Fundi wa kwanza akachomeka mashine yake, akasoma makosa tisa, akaniambia kompyuta ya ABS imekufa, nitafute ya mtumba. Nikaanza kuulizia bei. Kabla sijalipa, mzee mmoja fundi umeme akaweka mita kwenye betri: volti 11.6. Tukafunga betri mpya, tukazungusha usukani, makosa tisa yakaisha yote. Tangu siku ile sisomi kosa lolote kwenye gari kabla sijasoma volti.

Kwa nini kompyuta zinasema uongo

Stata inapozungusha injini inakula ampea nyingi mno, mia na ushee. Betri dhaifu inaporomoka hapohapo hadi volti 8 au 7. Kompyuta za gari (ya injini, ya breki, ya usukani, ya dashibodi) zinaongea kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Umeme ukishuka, moja inazimika na kuwaka tena, nyingine inaendelea kuita na haijibiwi. Basi inaandika: "nimepoteza mawasiliano na mwenzangu." Haya ndiyo makosa yanayoanza na herufi U, mfano U0121, kwamba kompyuta ya ABS haipatikani. Fundi mwenye haraka anasoma "ABS haipatikani" anatafsiri "ABS imekufa". Ilikuwa imezirai tu kwa sekunde mbili.

Na ile ta-ta-ta? Ni swichi ya stata. Inavuta, stata inakula umeme wote, volti zinashuka, swichi inaachia. Ikiachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ukiisikia, kwanza shuku betri au vikamatio vyake (vile vyuma vinavyobana nguzo za betri). Stata iliyokufa kwa kawaida hulia "ta!" mara moja tu, au hailii kabisa.

Hatua ya 1: pima betri ikiwa imepumzika

Mita ya kawaida ya dukani inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gari iwe imezimwa kwa saa kadhaa, usiku mzima ndiyo bora. Gusa nguzo za betri zenyewe, usiguse vikamatio.

12.6 imejaa. 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12.0 imeisha, na kila taa inayowaka kwenye dashibodi ichukulie kama uvumi.

Sasa mwite mtu awashe huku ukiangalia mita. Namba ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, na betri ulikuwa umeijaza, betri hiyo imechoka. Betri inaweza kusoma 12.5 imetulia, ukaona nzima, kumbe ikibebeshwa mzigo inalala. Ndiyo maana kipimo cha kutulia peke yake hakitoshi.

Hatua ya 2: vikamatio na waya wa athi

Hapa ndipo nataka mkae kidogo, hasa sisi wa pwani. Chumvi ya bahari inakula shaba kimyakimya. Fungua boksi la plastiki la betri (RX-8 ina boksi lenye mfuniko, wengine hawajawahi kulifungua tangu gari itoke Japani), toa hasi kwanza kisha chanya. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya vuguvugu na magadi soda, kausha, piga brashi ya waya, rudisha chanya kwanza kisha hasi. Kaza. Kikamatio kinachozunguka kwa vidole hakijakazwa.

Kisha pima waya wa athi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Usiupime kwa macho. Ncha moja ya mita weka kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu mtu awashe. Mimi nataka nione chini ya volti 0.3. Ukiona volti nzima, umeme unapotelea njiani, na ukinunua betri kumi hazitakusaidia. Nimeona waya unaong'aa kwa nje, ukiukata ndani ni unga mweusi.

Hatua ya 3: chaji, usitegemee kubusti

Kubusti ni kwa ajili ya kukufikisha nyumbani. Alteneta (ile inayozalisha umeme injini ikizunguka) haikuundwa kufufua betri iliyokufa. Ukiilazimisha inapata moto, na betri nayo haijai vizuri. Chaji kwa chaja, taratibu: betri ya ukubwa wa Ah 50 (ampea-saa) ipe ampea 5, iachie usiku.

Ukilazimika kubusti: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari linalosaidia, nyeusi kwenye hasi ya gari linalosaidia, nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lako, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayoshika moto. Kutoa, rudi nyuma kwa mpangilio uleule.

Na tafadhali, msisimame barabarani mkiomba msaada kwa Fuso au Scania. Malori makubwa mengi ni volti 24. Ukiunganisha volti hizo 24 kwenye gari yako ya volti 12, kompyuta zilizokuwa zimezirai zitakufa kweli.

Hatua ya 4: alteneta

Injini ikiwaka, betrini usome kati ya 13.8 na 14.5. Ukisoma 12.3 na inashuka, alteneta haichaji: angalia mkanda, plagi yake, na fyuzi kubwa.

Ile mbinu ya kuchomoa kikamatio gari likiwa linanguruma "kuona kama alteneta ni nzima" iacheni kwa magari ya babu zetu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu, na kompyuta ndizo zinazopokea kipigo.

Hatua ya 5: ifundishe gari upya

Betri ikishakuwa sawa, RX-8 bado itakuonyesha taa ya DSC. Si ubovu. Sensa ya pembe ya usukani imesahau katikati ni wapi. Washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho upande mmoja, kisha mpaka mwisho upande wa pili, rudisha katikati, zima, washa tena. Taa inaondoka. Watu wameuziwa sensa kwa ajili ya kazi hii ya sekunde kumi!

Kioo cha dereva: swichi ya ufunguo ikiwa ON, shusha kioo mpaka chini, kisha vuta swichi ili kioo kipande hadi juu kabisa na uendelee kuishikilia kama sekunde mbili. Kitakumbuka kupanda chenyewe.

Hatua ya 6: sasa ndiyo usome makosa

Piga picha orodha yote, futa, endesha siku mbili tatu, soma tena. Kosa lililorudi ndilo la kushughulikia. Kwangu halikurudi hata moja. Kwa rafiki yangu lilirudi la usukani, tukakuta plagi ya mota ya usukani ina kutu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (dada wa Tanga): Kaka, yangu ni otomatiki. Betri ikiisha naweza kusukumiwa na vijana wa bodaboda?

Jibu: Hapana dada, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, utawachosha vijana bure. Hata ya gia za mkono mimi siisukumi. Injini ya RX-8 ni ya rota (pembetatu inayozunguka badala ya pistoni), petroli isiyoungua inamwagika kwenye masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) na kuyaharibu.

Swali: Mkuu, baada ya betri kuisha nilibustiwa, stata inazunguka vizuri lakini haishiki, inanuka petroli. Betri nimeshanunua mpya.

Jibu: Imelowa petroli. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa rota, na betri dhaifu ndiyo inayouleta: injini inazungushwa polepole, kompyuta inaendelea kupuliza petroli, ukuta wa chumba unalowa, mgandamizo unapotea. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa na ushikilie, kisha washa kwa sekunde zisizozidi kumi. Kanyagio likiwa chini kabisa, kompyuta inakata petroli, hewa inapita kukausha. Pumzisha stata dakika moja, rudia. Ikigoma, toa plagi za cheche zote nne (ziko ubavuni, utaingilia upande wa tairi la mbele kushoto), zikaushe, na ukumbuke za juu na za chini hazifanani, usizichanganye. Ikiwaka itatoa moshi mwingi mpaka majirani watoke nje. Usiizime, iache ipate moto kwanza.

Swali (kutoka Mwanza): Nachaji leo, siku tatu imekufa. Fundi anasema ni betri, lakini ni ya mwezi mmoja.

Jibu: Kuna kitu kinakunywa usiku. Weka mita kwenye ampea 10, chomoa hasi, pitisha mita katikati ya nguzo na kikamatio. Funga gari, subiri nusu saa kompyuta zilale. Zaidi ya milliampea 50 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Nikubashirie: magari yetu yanatoka Japani na redio inayoishia FM 90, basi mtu anafunga kifaa cha kuongeza masafa, kisha alamu, kisha kifaa cha kufuatilia gari, vyote vimeungwa kwa kusokota waya na selotepu. Anzia hapo. Kwangu mimi alamu ndiyo ilikuwa mwizi.

Swali: Kuna mtu kaniambia nikanyage breki mara 20 kufuta kila kitu. Kweli?

Jibu: Ipo, kwa RX-8: ufunguo ON bila kuwasha injini, unakanyaga mara 20 ndani ya sekunde nane, sindano ya oili inacheza. Lakini inaifanya kompyuta ya injini isahau ilichojifunza kuhusu sensa ya shafti. Haihusu ABS wala usukani, na haiponyi betri.

Swali (ndugu wa Maskati): Huku joto ni kali, betri inanifia kila baada ya miaka miwili. Nimekosea nini?

Jibu: Pengine hujakosea kitu, ndugu yangu. Joto ndilo linaloua betri; baridi inafichua tu iliyokwisha kufa. Hakikisha ule mfuniko wa boksi upo na haujapasuka, uliwekwa kuikinga na joto la injini. Mafundi wengi wakishautoa hawaurudishi.

Swali: Mimi nina Nissan Fairlady Z33. Baada ya kubadili betri sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Somo hili linanihusu?

Jibu: Hatua nne za kwanza zinakuhusu neno kwa neno. Ya tano kwako ni tofauti: usiguse kanyagio la mafuta, weka ufunguo ON, kisha OFF, subiri sekunde kumi au zaidi. Tega sikio, utasikia mlango wa hewa unajisogeza wenyewe. Ukiusikia, washa uone. Usipousikia, nitumie namba za volti kwanza ndipo tuendelee.