Kazi ya Bustani ya Nyumbani Ianze Agosti: Ushauri kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika sehemu kubwa ya Mbeya, Iringa na Njombe mvua za msimu huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei, kisha hufuata kipupwe ambacho kule Makete na Mufindi hufikia hatua ya umande kuganda juu ya majani alfajiri. Familia nyingi huiacha bustani ya mboga ikae hivyo hivyo tangu mavuno ya mwisho hadi wingu la kwanza la Novemba, na hapo ndipo jembe hutafutwa. Tunashauri kwa msisitizo kwamba kazi ianze Agosti, baridi inapoanza kulegea, kwa sababu kitu ambacho bustani inakihitaji zaidi, yaani mboji iliyoiva, hakiwezi kupatikana kwa wiki mbili.

Rundo la mboji huhitaji miezi miwili hadi mitatu, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Chagua mahali penye kivuli karibu na maji, tandika vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka la mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi kama alizeti pori au magugu yasiyo na mbegu, tabaka la samadi na udongo kidogo wa juu, ukinyunyizia maji kila tabaka, hadi rundo lifikie kimo cha mita moja na zaidi kidogo. Rundo dogo kuliko hilo halitunzi joto, na pasipo joto mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa havifi. Lifunike kwa nyasi kavu au majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu katikati, ukichomoe baada ya siku chache: kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, ongeza maji, kikitoka kimelowa na kunuka, pindua rundo lipate hewa. Hata lisipoonyesha kasoro, lipinduliwe kila baada ya wiki mbili au tatu.

Inasikitisha kuona mabua hayo hayo yakichomwa moto mashambani kuanzia Agosti. Moto hurusha hewani naitrojeni ambayo mkulima ataifuata dukani kwa fedha Desemba, na majivu yanayobaki hupeperushwa na upepo wa Septemba kabla hayajaifaa ardhi. Yapo mabaki mawili tu tusiyoshauri kuyatia katika mboji. La kwanza ni majani ya mikaratusi na misonobari, ambayo huoza polepole mno, na yale ya mikaratusi yana kemikali zinazodumaza mimea mingine. La pili ni mashina na mizizi ya viazi mviringo au nyanya zilizokufa kwa mnyauko bakteria. Hayo yang'olewe, yatolewe bustanini na kuteketezwa.

Mnyauko huo unatufikisha kwenye mpangilio wa mazao, jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee kwa kuwa karibu kila kaya hulima viazi mviringo. Viazi, nyanya, bilinganya, pilipili na hata mnafu ni wa ukoo mmoja, na bakteria wa mnyauko hubaki ardhini wakisubiri mmoja wao arudi. Kwa hiyo tuta lililotoa viazi msimu uliopita lisipewe nyanya mwaka huu. Lipewe maharage, karoti, vitunguu au kabichi. Kila kaya ichore ramani ya matuta yake kwenye daftari, maana kumbukumbu ya kichwani huchanganyika haraka.

Udongo mwekundu wa Njombe na Mufindi mara nyingi una tindikali nyingi. Mwombe afisa ugani wa kata akuelekeze namna ya kuchukua sampuli na mahali pa kuipima kabla ya kununua chokaa ya kilimo, inayopunguza tindikali hiyo, kwani chokaa ikizidi nayo hudhuru. Ikihitajika, ichanganywe na udongo wenye unyevu wiki kadhaa kabla ya kupanda, wala isiwekwe siku moja na samadi mbichi, kwa kuwa huifanya naitrojeni ipotee kama hewa yenye harufu kali.

Matuta yawe na upana wa mita moja, yakikinga mteremko, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo uliolainishwa. Wakati huu wa ukavu yanafaa matuta ya makingamaji, yaani yaliyochimbwa chini kidogo ili yashike maji, na yale ya kunyanyua yasubiri mvua. Wenye vinyungu, yaani bustani za kiangazi zilizo mabondeni, wakumbuke kwamba hewa baridi hushuka na kutuama huko usiku, hivyo nyanya na maharage ya bondeni yangoje Septemba, wakati kabichi, figiri na karoti huvumilia. Wakumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa mto.

Mbegu za dukani ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Zile ulizohifadhi mwenyewe zijaribiwe: funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, weka karibu na jiko, uhesabu zinazoota. Kitalu cha nyanya na kabichi kisiwe na mbegu zilizobanana wala maji ya kupita kiasi, kwa kuwa baridi na unyevu pamoja huleta kinyaushi, ugonjwa unaokata mche usawa wa ardhi. Panda kwa mistari, mwagilia asubuhi ili udongo upate joto la mchana, na funika kichanja kilicho juu ya kitalu kwa nyasi jioni. Miche huwa tayari baada ya wiki nne hadi sita. Wiki moja kabla ya kuihamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo, kisha ihamishe jioni, kila shimo likiwa na konzi mbili za mboji.