Kioo cha mbele cha gari la zamani: kabla hujapatana bei ya kukibadilisha

Kwanza angalia ukingo wa kioo. Kama kimeshikwa na raba nene inayozunguka pande zote, fundi atapitisha kamba kwenye mfereji wa raba na kuivuta taratibu akiwa ndani, mpaka mdomo wa raba ukalie bati. Hapo ulizia raba yenyewe. Iliyokakamaa na kupasuka usikubali irudishwe, mvua ya kwanza utaoga ukiwa umekaa kwenye usukani.

Kama kimegandishwa kwa gundi, adui ni kutu. Hujificha chini ya urembo wa pembeni na huonekana kioo kikishatoka. Gundi haishiki juu ya kutu, kwa hiyo bati likwanguliwe, lipakwe praima (rangi ya msingi), likauke. Kazi ya saa mbili inaweza kugeuka ya siku mbili. Muulize fundi mapema: tukikuta kutu, utaongeza kiasi gani?

Halafu upatikanaji. Gari lililouzwa kwa wingi kioo chake hakisumbui, ila modeli adimu huenda ukaagiza mbali, na usafiri wa kitu kinachovunjika si mchezo. Vibanio vya urembo navyo hukatika wakati wa kung'oa (vidogo, lakini vikiwa havitengenezwi tena utavitafuta!).

Cha mtumba? Kitazame dhidi ya jua, mikwaruzo ya waipa utaiona.

Nafuu moja: magari mengi ya zamani hayana ile kamera ya kumsaidia dereva inayokaa nyuma ya kioo cha mbele, kwa hiyo hulipii kuipanga upya baada ya kubadilisha kioo.