Bili za Uingereza: anza na mita, taa baadaye

Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwa imekiona kwa miaka 40. Baadaye ukashuka, na wengi wakakaa kungoja bei zirudi zilipokuwa. Hazikurudi. Mfumuko ukishuka maana yake bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zinateremka. Kwa hiyo lazima ubane matumizi, na kosa la kawaida ni kubana pasipo na kitu: mtu anazima taa na kuchomoa chaja ya simu, huku hita ya umeme inaunguruma chumbani tangu saa kumi na moja jioni.

Piga hesabu mwenyewe. Uniti moja ya umeme ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Mwaka 2025 ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, ulizunguka peni 25 hadi 27 kwa uniti ya umeme, na peni 6 hadi 7 kwa uniti ya gesi. Taa ya LED ya wati 8 ikiwaka saa tano inakula kama peni moja. Hita ya feni ya wati 2,000 kwa saa hizo hizo inakula uniti 10, yaani kama pauni 2.60, ikiwashwa hivyo kila siku, mwezi unaisha na pauni 78. Shawa ya umeme ya kilowati 9 kwa dakika kumi ni uniti moja na nusu, kama peni 39. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, karibu pauni 47 kwa mwezi zinashuka na maji machafu. Mashine ya kawaida ya kukaushia nguo inaweza kula uniti 4 na zaidi kwa mzunguko mmoja. Kinachotoa joto ndicho cha kuchunga. Vingine ni vijisenti.

Ukomo huo ni wa bei ya uniti na wa tozo ya kila siku, si wa bili nzima. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi. Na ile tozo ya kila siku unalipa hata ukifunga nyumba ukaenda Mombasa mwezi mzima: mwaka 2025, umeme na gesi pamoja, ilizidi peni 80 kwa siku, karibu pauni 300 kwa mwaka kabla hujawasha kitu.

Kusoma mita

Ukomo hubadilika tarehe 1 Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Soma mita jioni ya siku moja kabla, hata kama una mita ya kisasa inayotuma namba yenyewe, maana nazo hupoteza mtandao zikanyamaza miezi.

1. Mita ya umeme: andika tarakimu kutoka kushoto, acha zilizo nyekundu au zilizo baada ya nukta. Mita ya bei mbili, kama Economy 7, ina namba ya mchana na ya usiku. Andika zote, kisha hakikisha bili haijazigeuza. Zikigeuzwa, unalipia umeme wa usiku kwa bei ya mchana.
2. Mita ya gesi: kabla ya namba, tafuta kama imeandikwa m³ au ft³.
3. Piga picha inayoonyesha namba ya matumizi pamoja na namba ya utambulisho wa mita yenyewe.
4. Tuma namba kwa kampuni, kisha ilinganishe na bili. Kwa kawaida E pembeni mwa namba ni makisio, A ni halisi.

Gesi hupimwa kwa ujazo lakini hulipiwa kwa uniti, na hapo ndipo makosa makubwa hujificha. Zidisha mita za ujazo kwa 1.02264, kisha kwa thamani ya joto iliyoandikwa kwenye bili (huzunguka 39.5), halafu gawanya kwa 3.6. Ukitumia mita za ujazo 42, utapata kama uniti 471. Mita ya zamani ya futi huzidishwa kwanza kwa 2.83. Sasa fikiria kampuni imeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mita yako ni ya futi, kumbe ni ya m³: utatozwa gesi karibu mara tatu. Bili ikikushtua, pima hili kwanza kabla hujagombana na watoto kuhusu radieta.

Lalamika kwa maandishi. Wiki 8 zikipita bila suluhisho, peleka shauri Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nishati, ni bure. Na kama kampuni ilizembea kukutoza, hairuhusiwi kudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma.

Ukihamia nyumba mpya

Siku unayopewa funguo, piga picha ya mita kabla hujashusha mizigo, la sivyo utalipia matumizi ya aliyetoka. Kwenye jengo la fleti fanya jaribio moja zaidi. Zima swichi kuu ndani ya fleti yako, nenda kwenye kabati la mita, tazama ile yenye namba ya fleti yako. Kama taa yake bado inamemeta au tarakimu zinasogea, huenda unalipia umeme wa jirani. Hutokea zaidi kwenye nyumba za zamani zilizokatwa vipande.

Mwenye nyumba akinunua umeme na kukuuzia wewe, haruhusiwi kukutoza uniti kwa bei inayozidi aliyolipa yeye. Mwombe bili yake. Na kama bili ziko kwa jina lako, kuchagua kampuni ni haki yako.

Mita ya kulipia kabla

Waliozoea LUKU au tokeni wanaielewa upesi, ila ina mtego wake. Kiangazi hakuna anayewasha joto, kwa hiyo hakuna anayeongeza salio la gesi. Tozo ya kila siku inaendelea kulimbikizwa kimyakimya. Novemba unaweka pauni 20, mita inameza sehemu kubwa kulipa deni la miezi iliyopita, na nyumba bado baridi. Weka pauni mbili tatu kila wiki hata Julai. Salio likiisha, omba salio la dharura kwanza, kisha ipigie kampuni uulize kuhusu msaada wa ziada. Shirika la ushauri la Citizens Advice pia huweza kukuelekeza kwenye vocha za nishati.

Kwa wanaokatwa kila mwezi benki, salio kubwa mwezi wa Septemba ni la kawaida. Ndiyo akiba ya baridi, usilitoe. Likibaki kubwa Mei, dai lirudishwe na makato yapunguzwe.

Boila na unyevu

Boila nyingi za kombi (zisizo na tangi la maji moto) huachwa zikipeleka maji ya nyuzi 75 au 80 kwenye radieta. Boila hizi zimeundwa kunasa joto la mvuke unaotoka na moshi, na hazilinasi vizuri mpaka maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55. Kwa hiyo tafuta kitufe chenye alama ya radieta, si cha bomba, uteremshe hadi 60. Radieta hazitaunguza mkono tena na nyumba itachelewa kupata joto, basi washa nusu saa mapema. Kama una tangi la maji moto, hapo usiguse bila fundi: maji ya tangi yanatakiwa kufika nyuzi 60 kuua bakteria wa legionela. Kupandisha themostati hadi 30 hakuharakishi joto. Kunasababisha tu usahau kuizima.

Nguo mbichi za mashine moja zinatoa hadi lita mbili za maji hewani. Ukizitandaza kwenye kila radieta huku umeziba matundu ya hewa ya madirisha, kuvu jeusi litaota nyuma ya kabati. Chagua chumba kimoja, funga mlango, acha dirisha wazi kidogo. Mashine ya kunyonya unyevu ya wati 200 kwa saa nane ni kama peni 42, chini ya nusu ya gharama ya kukausha kwa joto. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Jikoni

Kwenye rafu soma maandishi madogo ya bei kwa kilo, si bei kubwa. Mara nyingine pakiti kubwa ni ghali kuliko mbili ndogo. Vibandiko vya njano vya punguzo hubandikwa zaidi jioni. "Use by" ni tarehe ya usalama, lakini nyama unaweza kuigandisha mpaka siku hiyo yenyewe. "Best before" ni ya ubora tu. Mchele nunua gunia la kilo 10 au 20 kwenye maduka ya Waasia.

Maharage makavu ndiyo nafuu kubwa: nusu kilo ikiiva ni zaidi ya kilo moja, sawa na makopo manne au matano. Loweka usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10 nzima ndipo upunguze moto. Maharage mekundu yana sumu asilia inayokufa kwa kuchemka hasa. Sufuria ya umeme ya kupika polepole haifiki hapo, na watu huishia kutapika wakidhani nyama ndiyo iliyoharibika. Presha kuka inamaliza kazi yote chini ya nusu saa. Pika kilo, gawa kwenye mifuko, gandisha.

Deni lipi kwanza

Kodi ya pango, Council Tax (kodi ya halmashauri) na nishati hutangulia kadi ya benki, hata kama wa kadi ndiye anayepiga simu kwa ukali. Council Tax kwa kawaida hulipwa kwa awamu 10. England unaweza kuomba 12. Ukikosa awamu, unapata ukumbusho wa siku 7. Ukiupuuza, unadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo, kisha mahakama, kisha madalali wa mahakama mlangoni. Piga simu kabla ya ukumbusho. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, na mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi, kwa hiyo mama anayeishi na kijana wa chuo kikuu naye anastahili.

Tahadhari kwa wenye viza iliyoandikwa "no recourse to public funds", yaani huruhusiwi kupokea fedha za umma: hilo punguzo la asilimia 25 halina tatizo, lakini Council Tax Reduction ya kipato kidogo ni fedha za umma, na kuiomba kunaweza kuharibu viza. Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, vilevile. Muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kujaza fomu yoyote.

Madeni yakizidi, mashirika ya StepChange na National Debtline hushauri bure. England na Wales mshauri anaweza kukuombea Breathing Space, siku 60 ambazo riba na hatua za kukudai husimamishwa kwa madeni mengi.

Pesa za nyumbani

Ukituma pesa nyumbani, usitazame ada, tazama kinachofika. Chukua mfano wa kubuni: kampuni moja haitozi ada na inatoa shilingi 165 za Kenya kwa pauni, nyingine inatoza pauni 2 lakini inatoa 170. Ukituma pauni 200, ya kwanza inafikisha 33,000, ya pili 33,660. Ukituma pauni 50, ya kwanza inafikisha 8,250 na ya pili 8,160. Kwa bei hizo, chini ya pauni 68 tumia ya kwanza, juu yake ya pili. Anayetuma pauni 50 kila wiki na anayetuma 200 mara moja kwa mwezi hawatumii kampuni moja, na bei hizi hubadilika kila siku, kwa hiyo hesabu hiyo irudie kila unapotuma.